Wasaidizi wa upasuaji Kisii na Nyamira: Kazi ya usiku, cheo kisichosonga

MAMA mjamzito anapokwama katika uchungu usiku wa manane kule Ogembo, Nyamache au Nyansiongo, jamaa zake huuliza swali moja tu: je, daktari yupo? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Hata daktari akiwapo, kisu hakishikwi mpaka apatikane mtu wa kumtia mgonjwa nusukaputi, mwingine wa kuandaa vifaa na kuvihesabu, na mwingine wa kusimama upande wa pili wa meza akishikilia nyama wazi, akikausha damu na kukata nyuzi.

Hao ndio wasaidizi wa upasuaji. Baadhi yao ni matabibu waliorudi chuoni kusomea nusukaputi, mifupa, macho au afya ya uzazi. Wengine ni wauguzi waliobobea katika kazi ya chumba cha upasuaji, na wengine ni mafundi wa chumba hicho, wanaotayarisha meza, taa, mashine na vifaa vilivyotakaswa. Mwananchi wa kawaida katika eneo la Gusii huwaita wote "daktari", na pengine ndiyo sababu masaibu yao hayajulikani sana nje ya kuta za hospitali.

Masaibu hayo ni mepesi kueleza. Msaidizi wa upasuaji huajiriwa akiwa kijana, hujisomesha hadi akabobea, hubeba dhamana inayozidi ile aliyoajiriwa nayo, kisha hubaki katika daraja lile lile la mshahara, au karibu na hapo, kwa miaka mingi. Anayetaka kupanda cheo hulazimika kuondoka katika chumba cha upasuaji, ama aende ofisini, ama hospitali ya kibinafsi, ama ng'ambo. Kwa maneno mengine, mfumo uliopo humtuza mtu kwa kuiacha kazi ambayo umma unamhitaji aifanye.

Kisii na Nyamira ni mahali pazuri pa kulitazama tatizo hili. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, yaani karibu watu milioni 1.9 katika milima iliyosongamana mashamba madogo na nyumba. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii huwahudumia pia wagonjwa kutoka Migori, Homa Bay na upande wa Transmara katika Kaunti ya Narok. Ajali za bodaboda pekee hazikosi kuleta mifupa iliyovunjika, na mifupa hiyo haingoji mkutano wa bodi ya kaunti.

Hospitali hiyo ilianza mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ikiwa mahali pa kuwatibu wanajeshi. Tangu enzi hizo za ukoloni, tiba nchini Kenya ilisimama juu ya mabega ya Waafrika waliopewa mafunzo mafupi na kuitwa wasaidizi. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini (KMTC), ambacho sasa kina kampasi mjini Kisii, kilianza mwaka 1927. Majina ya kada yamebadilika mara kadhaa, na aliyeitwa msaidizi wa daktari akawa tabibu, ila neno "msaidizi" halikuondoka katika hesabu za mshahara.

Gusii, kwa hakika, ina historia ya upasuaji iliyotangulia hospitali yoyote. Omobari omotwe, mpasuaji wa kichwa wa Abagusii, alijulikana kwa kufungua ngozi na kukwangua mfupa wa fuvu la mtu aliyeumia kichwani au aliyesumbuliwa na maumivu yasiyoisha. Madaktari wa kigeni waliandika habari zake katika majarida ya tiba ya karne ya 20. Kazi hiyo ilirithishwa kwa mafunzo ya muda mrefu chini ya mkuu wa fani, mara nyingi ndani ya ukoo. Mwanafunzi alianza kwa kusaidia na kutazama, na mwisho wa safari naye akawa omobari. Hakuna anayetaka kurejea kwenye upasuaji usio na nusukaputi, lakini mwanafunzi yule wa zamani alikuwa na jambo ambalo msaidizi wa leo hana, nalo ni ngazi iliyokuwa na kidato cha juu.

Cheo kisichosonga

Tabibu au muuguzi mwenye diploma huingia katika utumishi wa umma wa Kenya kwenye daraja la H. Daktari, kwa upande wake, huwekwa daraja la L angali mwanagenzi, yaani kabla hajasajiliwa kufanya kazi peke yake. Tofauti hiyo ya mwanzo ina sababu zake: mmoja amesoma chuo kikuu kwa miaka sita, mwingine amesoma chuo cha kati kwa miaka mitatu au zaidi kidogo. Hakuna tabibu mwenye busara anayedai kwamba mafunzo hayo ni sawa.

Mgogoro huanza baadaye. Tabibu akishafanya kazi kwa muda, anaweza kurudi KMTC kwa diploma ya juu, masomo ya mwaka mmoja na zaidi. Muuguzi naye anaweza kusomea diploma ya juu ya uuguzi wa chumba cha upasuaji. Mara nyingi karo hutoka mfukoni mwake, familia hubaki nyumbani ikingoja, na kaunti humruhusu aende kwa masharti kwamba atarudi kuitumikia. Anarudi. Siku ya kwanza anapewa funguo za mashine ya nusukaputi na orodha ya wagonjwa, lakini hati ya malipo ya mwisho wa mwezi haionyeshi kwamba alikwenda popote.

Lalamiko hilo limekuwa wimbo wa kila mgomo. Chama cha Matabibu nchini (KUCO) kiliitisha mgomo ulioanza Aprili 1, 2024 na kumalizika Julai 8 mwaka huo baada ya siku 99, na miongoni mwa madai yake makuu yalikuwa kupandishwa vyeo kwa waliokwama, ajira ya kudumu kwa walio kwenye mikataba na marupurupu yanayolingana na hatari ya kazi. Kwa kuwa madaktari nao walikuwa wamegoma tangu Machi 14 hadi Mei 8, kulikuwa na majuma matano na zaidi ambapo mpasuaji na mtu wa nusukaputi wote walikuwa nje ya lango la hospitali. Mgonjwa maskini ndiye aliyelipa, ama kwa kuuza ng'ombe na kwenda hospitali ya kibinafsi, ama kwa kungoja.

Ikumbukwe kwamba madaktari walipata sikio la taifa zima. Mzozo wao kuhusu malipo ya wanagenzi, ambapo serikali ilitaka kulipa Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,400 zilizokubaliwa katika mkataba wa 2017, ulijadiliwa redioni na mabungeni hadi serikali ikakubali, Desemba 2024, kurejelea kiwango cha zamani. Matabibu waligoma kwa muda mrefu kuliko madaktari, lakini si Wakenya wengi wanaoweza kutaja hata sharti moja la makubaliano yao. Ukimya huo si bahati mbaya. Daktari mmoja akikosekana, habari huenea kwamba hospitali haina daktari. Mtu wa nusukaputi akikosekana, mgonjwa huambiwa tu kwamba upasuaji umeahirishwa.

Kwa nini kaunti hazipandishi watu vyeo? Jibu la haraka husema kwamba magavana hawajali, na wapo wafanyakazi wanaoamini hivyo. Jibu la kweli lina hesabu ndani yake. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la huduma za afya, na tangu 2013 Kisii na Nyamira zimekuwa mwajiri wa wahudumu waliokuwa wa Wizara ya Afya. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kaunti nyingi, hizi mbili zikiwamo, huvuka kiwango hicho.

Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti iliyobanwa hivyo ina njia mbili. Inaweza kumpandisha tabibu wa nusukaputi kutoka daraja moja hadi jingine, jambo ambalo halionekani na mpiga kura yeyote, au inaweza kuajiri vijana wachache wapya katika daraja la chini na kuwakabidhi barua hadharani, kamera zikiwapo. Si vigumu kukisia ni ipi huchaguliwa kunapokaribia uchaguzi. Aidha, pesa za mgao kutoka Hazina ya Kitaifa hucheleweshwa mara kwa mara, na mishahara yenyewe ikichelewa, suala la vyeo huonekana kuwa anasa.

Kuna pia wale ambao hata daraja la kukwama hawakuwa nalo. Mwaka 2020, janga la corona likiwa limeanza, Serikali ya Kitaifa iliajiri maelfu ya wahudumu chini ya mpango wa Afya kwa Wote kwa mikataba ya miaka mitatu, na kuwasambaza katika kaunti zote 47. Mikataba ikaongezwa, kisha ikaongezwa tena, malipo yakiwa chini ya yale ya wenzao wanaofanya kazi ile ile. Mwaka 2025 walikesha nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi, wakidai ajira ya kudumu, huku serikali ya Nairobi na magavana wakivutana kuhusu nani angewabeba na kwa fedha zipi. Muuguzi aliyesomea kazi ya chumba cha upasuaji akiwa kwenye mkataba wa namna hiyo hawezi kuomba mkopo wa maana benki, seuze kupanga miaka yake kumi ijayo.

Mashine zilikuja, watu hawakuja

Ushahidi wa wazi kwamba viongozi wamekuwa wakiutazama upasuaji kama suala la vifaa ni mradi wa kukodisha mitambo ya matibabu ulioanzishwa na Serikali ya Kitaifa mwaka 2015. Ulikusudiwa kufikisha vifaa katika hospitali mbili za kila kaunti pamoja na hospitali za kitaifa, jumla hospitali 98. Miongoni mwa vifaa hivyo vilikuwamo vya vyumba vya upasuaji na vya kutakasia vyombo.

Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza mradi huo iliukashifu vikali katika ripoti yake ya 2020. Pamoja na maswali kuhusu gharama na namna mikataba ilivyotiwa saini, ilibainika kwamba katika baadhi ya hospitali nchini vifaa vilikaa bila kutumika kwa sababu hapakuwa na wataalamu wa kuviendesha au hata mahali pa kuviweka. Kaunti zilikatwa fedha kila mwaka kulipia mitambo. Hakukuwa na mradi sambamba wa kuwalipia watu wa kusimama kando ya mitambo hiyo.

Ni vyema kueleza kazi yenyewe kwa wasioifahamu, kwa kuwa mjadala wa mishahara bila kuijua kazi huwa kelele tupu. Kwa upasuaji wa kumtoa mtoto, mtaalamu wa nusukaputi kwa kawaida humchoma mama sindano ya mgongoni inayotia ganzi kuanzia kifuani kwenda chini. Dakika zinazofuata ni za hatari, kwa maana shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla. Yeye ndiye anayeliangalia, anayetoa dawa, na anayeamua kama mama atahitaji kulazwa usingizi kamili na kuwekewa mpira wa kupumulia. Mpasuaji, mikono yake ikiwa tumboni mwa mgonjwa, hana nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo.

Muuguzi wa vifaa naye huhesabu. Huhesabu vitambaa, sindano na koleo kabla ya tumbo kufunguliwa, na huhesabu tena kabla halijafungwa. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyozinduliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inadai hesabu hiyo itajwe kwa sauti. Kitambaa kimoja kikipotea, hakuna anayeondoka. Mtu anayefanya kazi hiyo akiwa ametoka zamu ya mchana katika hospitali nyingine ili aongeze kipato, naye akasimama mezani saa nane za usiku, ni mtu ambaye hesabu yake inapaswa kumtia kila mgonjwa wasiwasi.

Na ndivyo wengi wanavyoishi. Mji wa Kisii umejaa hospitali na kliniki za kibinafsi, pamoja na hospitali za kidini kama Christamarianne mjini na Tabaka upande wa Gucha Kusini. Mtaalamu wa nusukaputi aliyeajiriwa na kaunti huitwa huko jioni na wikendi kwa kazi za muda, maarufu kama lokamu, akilipwa kwa kila upasuaji. Kwa wengi malipo hayo ndiyo karo ya watoto. Kaunti hulaumu mtindo huo kwa kusababisha utoro, na lawama hiyo ina ukweli, lakini kaunti hiyo hiyo hufumba macho kwa sababu inafahamu kwamba bila lokamu mtu huyo angejiuzulu kabisa.

Kisu na sheria

Upande wa pili wa shida hii ni sheria. Matabibu wana Sheria ya Matabibu ya 2017 na baraza lao. Wauguzi wana sheria na baraza lao vilevile. Mafundi wa vyumba vya upasuaji, ambao husomea fani hiyo katika vyuo vichache nchini, hawana sheria yao ya Bunge iliyowaundia baraza la namna hiyo. Kada isiyo na baraza huwa dhaifu mezani, kwa kuwa mwajiri anaweza kuiita jina lolote na kuilipa apendavyo.

Hata wenye baraza hawako salama. Bima ya zamani ya NHIF ilipoondolewa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikachukua nafasi yake Oktoba 1, 2024, matabibu waligundua kwamba mfumo mpya ulijengwa ukimfikiria daktari. Mapema mwaka 2025 KUCO kilisusia huduma za SHA kikilalamika kwamba wanachama wake na vituo wanavyoviongoza vilikuwa vimetengwa. Yaweza kuonekana kuwa ugomvi wa fomu na saini. Lakini hospitali hulipwa kwa fomu na saini, na mtu ambaye jina lake halikubaliki kwenye madai ya malipo hawezi kumwambia mwajiri kwamba ameingizia kaunti fedha kiasi fulani na anastahili sehemu yake.

Madaktari bingwa wana hoja yao, nayo haifai kupuuzwa. Wanauliza: kada za kati zikipanuliwa mamlaka na kulipwa vizuri, je, kaunti hazitaacha kuajiri madaktari kwa kuwa msaidizi ni rahisi? Na mgonjwa wa kijijini atakuwa na haki ya tiba ya daraja la pili? Swali hilo limeitikisa hata Uingereza. Huko, baada ya malumbano ya muda mrefu kuhusu wanaofanya baadhi ya kazi za madaktari, wakiwamo wa nusukaputi, ripoti ya Profesa Gillian Leng ya Julai 2025 ilipendekeza jina la kada hiyo libadilishwe ili ieleweke wazi kwamba ni wasaidizi, na mipaka ya kazi yao iwekwe bayana.

Marekani ilikwenda njia tofauti. Kada ya wasaidizi wa madaktari ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 kwa watu waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la majini. Leo wengi wao hufanya kazi katika upasuaji, na takwimu za Idara ya Kazi za 2023 zinaonyesha kwamba mshahara wa kati wa kada hiyo ulipita dola 130,000 kwa mwaka. Kuzilinganisha fedha hizo na za Nyamira hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuona kwamba nchi zote mbili, kwa ugomvi au kwa maafikiano, zilikubali kuijadili kada hiyo kwa jina lake, mipaka yake na malipo yake.

Mfano ulio karibu na hali ya Gusii unatoka kusini mwa Afrika. Msumbiji, ikiwa katikati ya vita na upungufu mkubwa wa madaktari, ilianza mwaka 1984 kuwafunza mafundi wa upasuaji kutoka kada ya kati. Utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba ndio waliofanya takriban asilimia 90 ya upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali za wilaya. Jambo la pili katika utafiti huo lina uzito zaidi kwa kaunti za Kenya: miaka saba baada ya kuhitimu, karibu asilimia 90 ya mafundi hao walikuwa bado katika hospitali za wilaya, ilhali karibu madaktari wote waliopelekwa huko walikuwa wameondoka.

Tanzania nayo ilifunza madaktari wasaidizi tangu miaka ya 1960, na kwa miongo kadhaa wao ndio waliowafanyia upasuaji akina mama wengi wa wilayani. Kote huko malalamiko ya mshahara na cheo yaliibuka yale yale. Msumbiji iliyajibu kwa kuwafungulia mafundi wake njia ya shahada katika fani ya upasuaji wenyewe, ili mtu apande bila kulazimika kuacha kazi aliyoijua.

Hoja ya madaktari bingwa, basi, ina uzito, lakini inaelekezwa mahali pasipo. Hatari kwa mgonjwa wa Nyamira haitokani na tabibu wa nusukaputi kulipwa vizuri. Inatokana na hali iliyopo sasa, ambapo kazi anaifanya, kila mtu anajua anaifanya, ila karatasi za serikali zinajifanya hazijui. Mtu wa namna hiyo hana msimamizi rasmi wa kumwuliza anapotatizika. Jambo likiharibika, yeye ndiye wa kwanza kulaumiwa kwa kuvuka mipaka ambayo hakuna aliyeichora.

Mlango wa ng'ambo

Wauguzi wana mlango ambao matabibu hawana. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwaajiri wahudumu wa afya wa Kenya, wauguzi wakiwa mstari wa mbele. Kabla ya hapo, na baada yake, Marekani imekuwa ikiwavuta wengi. Jimbo la Minnesota lina jamii kubwa ya Wakenya wenye asili ya Gusii, na katika vijiji vya Kisii na Nyamira si ajabu kuona nyumba ya ghorofa iliyojengwa kwa zamu za usiku za muuguzi aliyeko Minneapolis.

Muuguzi mwenye diploma ya juu ya chumba cha upasuaji ndiye anayetafutwa hasa, kwa kuwa ujuzi wake unahamishika. Akiondoka, kaunti humtangazia nafasi mtu mwingine wa daraja la H, ambaye itamchukua miaka kufikia alipokuwa mwenzake. Gharama ya mafunzo hayo haiandikwi popote katika vitabu vya kaunti, na kwa hiyo hakuna anayeihesabu kuwa hasara.

Tabibu yuko katika hali ya kinyume. Cheo chake ni cha Kenya na nchi chache za Afrika. Akifika Marekani au Uingereza na diploma yake ya nusukaputi, hakuna bodi itakayomsajili kwa jina hilo. Ataanza upya, mara nyingi kwa kusomea uuguzi au kuwahudumia wazee katika makao yao. Yaani aliye na njia ya kuondoka huondoka, na asiye nayo hubaki akiwa na kinyongo. Kuna maafisa wanaodhani kwamba kinyongo hicho hakina gharama kwa sababu mtu hana pa kwenda. Siku 99 za mwaka 2024 zilionyesha gharama yake.

Yapo mambo ambayo Kisii na Nyamira zinaweza kuyafanya bila kungoja Nairobi. Bodi za utumishi za kaunti zina uwezo wa kumthibitisha aliyerudi na diploma ya juu katika daraja la ubingwa wake mara tu anaporejea, badala ya kumngojesha hadi orodha ya jumla ya kupandisha vyeo itakapopatikana. Kaunti hizi ni jirani, na mji wa Nyamira uko mwendo usiofika saa moja kutoka Kisii. Zikikubaliana kuhusu ratiba na malipo ya dharura ya wataalamu wa nusukaputi, mtaalamu anayekimbizana na lokamu nne angeweza kulipwa na umma kwa saa zile zile anazouza kwa wengine.

Mambo mengine hayawezekani huko. Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC) ndiyo yenye kauli kuhusu viwango, na Bunge ndilo linaloweza kuwapa mafundi wa vyumba vya upasuaji hadhi ya kisheria. Muundo wa vyeo unaomwezesha msaidizi wa upasuaji kufika juu akiwa bado anasimama mezani, bila kuhamishiwa ofisi ya usimamizi, unahitaji kuandikwa kitaifa, kwa kuwa kaunti moja ikiuandika peke yake, mtumishi akihama huupoteza.

Katika kampasi ya KMTC mjini Kisii, wanafunzi wa uuguzi na wa tiba ya kliniki hupishana kwenye lango moja kila asubuhi. Wanafahamu hesabu hizi vizuri kuliko maafisa wengi wa kaunti, kwa maana wana ndugu walio Minnesota na wengine walio Keumbu na Keroka, nao hupiga simu. Anayejaza fomu ya kuomba nafasi mwaka huu huulizwa na wazazi wake ni kozi ipi itamlipa na ipi itamweka karibu na nyumbani. Kwa sasa kozi hizo si moja.